Nesi na Nyimbo Zilizokataa Kuhama

Katika maisha yangu nimekutana na mtu mmoja tu aliyesoma vigezo na masharti mpaka mwisho, naye alikuwa jirani yangu hapa Chanika, Handeni, nesi mstaafu. Sisi wengine tunabonyeza "Nakubali" kama mtu anayefukuza nzi. Yeye alivaa miwani, akaketi kwenye kigoda uani kwake, akayasoma yote kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri huku maharage yakiungua jikoni. Alipomaliza alinyanyuka, akanawa mikono kwa sabuni, ndipo akabonyeza. Nilimwuliza mikono inahusiana vipi na simu. Akanijibu kwamba makubaliano hufanywa kwa mikono safi, na kwamba kama mimi nakubaliana na watu kwa mikono yenye mbolea basi hilo ni langu.

Alikuwa ananunua nyimbo. Sentensi hiyo naomba isomwe polepole, maana Handeni nzima ilishindwa kuielewa. Huku kwetu nyimbo hazinunuliwi, zinatiwa. Unakwenda stendi kwa jamaa mmoja mwenye kitambi na kompyuta, unamkabidhi memori kadi yako, unamwambia "nitie za zamani" au "nitie za harusi", unaenda zako sokoni, ukirudi kadi imeshiba. Ukishatiwa nyimbo unamrushia shemeji, shemeji anamrushia jirani, na kabla jua halijazama wimbo umeshafika Mazingara bila kulipa nauli. Mimi nina duka la pembejeo. Mtu akiniibia mfuko mmoja wa mbegu nitapiga kelele mpaka wa mtaa wa pili watoke nje, lakini nyimbo zilizojaa kwenye simu yangu sijui hata mmoja ulitoka kwa nani. Kwa Nesi hiyo ilikuwa sawasawa na kuingia stoo ya dawa ukajichotea vidonge.

Hapa lazima nieleze tulivyokuwa tunasemezana, mtu asije akadhani nilikosa malezi. Babu yangu alitoka Unyamwezi akaja huku kukata mkonge, na yeye Nesi ni Mzigua, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Kwa hiyo kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote, naye aliipokea kwa heshima zote: "Marahaba mtani, kumbe bado hujafa?" Nami nikamjibu kwamba nimemwachia yeye atangulie ili nikale pilau. Wageni wakisikia walishtuka. Sisi tuliona siku imeanza vizuri.

Utani huo huo ndio uliompa kibali cha kuingia bustanini kwangu akachuma bamia bila kuuliza. Hakubisha hodi. Aliingia na ungo, akachuma, akalalamika kwamba nimezimwagilia maji kidogo, akatoka. Nilimwambia siku moja, "Mtani, wewe mbona ajabu? Wimbo mmoja humrushii mtu, bamia zangu unazimaliza." Alisimama pale mlangoni, akafikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiri anapoulizwa swali la haki. Kisha akasema, "Bamia zako hazina masharti. Yaandike, uyabandike ukutani, nitayasoma." Sikuyaandika. Nilijua angeyasoma kweli, halafu angenisahihisha.

Sauti yake ilikuwa ya kazini. Alikaa miaka mingi akiita wagonjwa kwenye dirisha la zahanati ambayo foleni yake ilifika barabarani, na alipostaafu dirisha lilibaki serikalini ila sauti akaondoka nayo. Akimwita mwenye punda wa maji, wenye punda wote watatu wa mtaa walisimama, na punda wenyewe pia. Kwenye foleni ya bomba alipita mbele moja kwa moja akitangaza, "Nesi anapita," na watu walimpisha, ingawa hakuwa na mgonjwa yeyote wala hakuwa nesi tena. Huyu ndiye mtu aliyekuwa hawezi kuvunja sharti la kampuni ambayo hajui hata ofisi yake iko mji gani. Nimejaribu kuunganisha mambo hayo mawili nikashindwa, nimeyaacha hivyo.

Neno lake kubwa lilikuwa "Kwanza tusome." Ukimpelekea dawa ya kikohozi, kwanza tusome. Ukimpa kadi ya mchango wa harusi, kwanza tusome. Alikuwa akija dukani kwangu kupumzisha magoti, anachukua chupa ya dawa ya magugu, anaisoma kwa sauti mbele ya wateja. "Hii inasema usile wala usivute sigara unapopulizia. Wewe baba, unavuta?" Baba mwenye sigara aliangalia chini kama ameitwa kwenye mizani ya kliniki. Amenipotezea wateja yule mama, sitadanganya. Waliobaki, nao ni lazima niseme, wana afya nzuri.

Kuna harusi moja ya mtaani alisimamisha vinywaji. Alisoma vizibo vya soda, akatangaza kwamba zimeisha muda wake, na hakuna atakayekunywa yeye akiwa hai. Kreti zikarudishwa kwenye gari, upande wa bibi harusi ukanuna, mpishi akaanza kutafuta maji ya limau. Kumbe alikuwa amesahau miwani nyumbani. Mtu mwenye macho mazuri alipovitazama vile vizibo akakuta muda wake bado kabisa. Mwingine angejificha nyuma ya wapishi. Nesi alimnyang'anya mshehereshaji kipaza sauti, akaomba radhi kwa bibi harusi, kwa bwana harusi, kwa wazazi wa pande zote mbili, kwa dereva wa gari, halafu akakaa chini akanywa soda mbili kuthibitisha. Watu walimpigia makofi kuliko maharusi.

Sasa hizo nyimbo zenyewe. Zilikuwa za dansi la zamani, za bendi iliyokwisha kufa na wapigaji wake karibu wote, zenye magitaa yanayofukuzana na tarumbeta inayoingia pale ambapo hujaitegemea. Alizikuta kwenye programu ya kuuzia nyimbo akipekuapekua simu, akapiga ukelele mpaka nikaruka ukuta nikidhani nyoka. Akazinunua zote zilizokuwepo. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliiweka simu ndani ya sufuria ili sauti itoke nene, sufuria juu ya kigoda, halafu akacheza peke yake uani na mwiko mkononi, magoti yakiuma na uso umenuna kwa raha. Mimi nilikuwa nachungulia. Alijua nachungulia, akanigeuzia mgongo kwa madaha.

Alikuwa na dada yake mkubwa anayekaa Hale. Mume wa dada alifanya kazi kwenye mitambo ya umeme enzi hizo, na Nesi, akiwa msichana, alikaa kwao kwenye nyumba za wafanyakazi. Mwisho wa wiki bendi zilikuja kupiga klabuni, na dada mtu, kwa maelezo ya Nesi, ndiye aliyekuwa anacheza mpaka watu wanaacha kucheza ili wamtazame. Sasa mume amekwishafariki, na presha ya macho imemmaliza dada nuru yote. Mkamwana anamwachia chai asubuhi na kwenda shamba, na mama wa watu anabaki na redio yake ndogo yenye vitufe na tundu la memori kadi. Vitufe anavijua kwa vidole. Simu ya kupangusa kwake ni kipande cha kioo tu, hajui pa kuanzia wala pa kumalizia.

Nesi alipompelekea zile nyimbo kwa mara ya kwanza, dada aliishika simu kwa mikono miwili akaibandika sikioni, akakaa hivyo mpaka chaji ikaisha. Kisha akasema neno moja: "Niwekee." Alitaka ziwe ndani ya redio yake, awashe mwenyewe asubuhi nyumba ikiwa tupu, bila kumwita mtu amshikie chochote. Nesi akamwambia atamwekea. Aliporudi Handeni alikuja dukani kwangu hata kofia ya jua hajavua. "Mtani, dada yangu hajawahi kuniomba kitu. Amenilea, amenisomesha, hajaniomba hata chumvi. Leo ameomba."

Mimi niliona kazi ndogo. Nikachukua memori kadi, nikanakili nyimbo zote kutoka kwenye simu yake, nikaitumbukiza kwenye redio ya dukani kwangu tujaribu. Redio ikatafuta, ikahema, ikaziruka nyimbo zote kana kwamba hazimo, ikaenda moja kwa moja kwenye mawaidha ya shehe mmoja kuhusu mirathi, yaliyokuwa yamesalia kwenye kadi tangu zamani. Nikazima, nikawasha. Mirathi. Nikabadilisha majina ya nyimbo, nikazipanga upya. Mirathi. Tuliyasikiliza mawaidha yale mara nyingi sana, na mpaka leo mtu akifa mtaani kwetu naweza kuwagawia warithi wake bila kukosea.

Tukaenda kwa jamaa wa stendi. Akaitazama simu, akabonyeza hapa na pale, akacheka.

"Mama, hizi zimefungwa. Zinaimba ndani ya simu hii hii tu. Ukizitoa zinakuwa bubu."

"Nani amezifunga?"

"Si hao hao waliokuuzia."

"Wameniuzia halafu wakafunga?"

"Ndiyo mambo yao, mama. Usihofu, niachie simu mpaka saa kumi. Nitavunja hiyo kufuli na nyingine nitakuongezea za bure."

Nesi aliivuta simu yake taratibu, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Halafu akasema kwa ile sauti ya dirishani, stendi nzima ikasikia, kwamba yeye aliulizwa kama anakubali kutonakili na kutohamisha, akajibu anakubali. Hakushikiwa kisu. Alibonyeza mwenyewe. Jamaa akamwambia, "Mama, kila mtu anabonyeza." Nesi akamwambia, "Kila mtu hakusoma. Mimi nilisoma." 

Njiani nilikasirika kweli. Nilimwambia yule dada yako wa Hale ni kipofu na amekaa peke yake, na wewe unalinda mali ya watu wasiojua kama upo duniani. Nikamtishia kwamba nitaichukua simu kwa utani, kama watani wanavyofanya msibani wanapozuia jeneza lisipite mpaka wapewe chochote, na mtani haulizwi. Alinisikiliza. "Mtani anaweza kuzuia jeneza," akasema. "Hawezi kuzuia neno la mtu." Niliona machozi yanamlenga, nikaacha. Alikuwa anaumia kuliko mimi, na mimi nilikuwa nampigia kelele barabarani.

Akaamua kuwaandikia wenyewe. Kwenye programu palikuwa na mahali pa kuandikia wahusika, akawaandikia kama nesi anavyomwandikia daktari wa wilaya: mgonjwa ni mwanamke, mtu mzima, haoni macho yote mawili, hali ya jumla nzuri, hamu ya chakula ipo, anaomba nyimbo zihamishwe kwenda kwenye redio moja tu, namba ya redio ameiona nyuma, ni hii hapa. Jibu lilikuja kabla hajashusha simu. "Mpendwa mteja, ombi lako ni muhimu kwetu." Alinionyesha kwa furaha. "Umeona? Ni muhimu kwao." Nikamwambia hiyo ni mashine, mtani. Akasema hata kama ni mashine, imejibu kwa adabu kuliko mimi.

Jibu la pili lilisema kwamba kwa usalama wake nyimbo haziwezi kuhamishwa. Hilo lilimsumbua. Alikaa nalo siku nzima akiuliza usalama gani, wimbo utamfanya nini mtu. La tatu lilimpongeza kwa kumfikiria dada yake na kumshauri dada huyo anunue simu ya kupangusa, afungue akaunti yake, azinunue nyimbo zile upya. Nesi akaandika: "Mwanangu, nimeshasema haoni." Ikamjibu kwamba ombi lake ni muhimu kwao.

Basi akawa anazipeleka mwenyewe. Nyimbo hazihami, simu inahama, na simu haina miguu. Alipanda gari la Korogwe, akashuka, akapanda la kwenda Hale, simu ikiwa imefungwa kwenye khanga ndani ya kikapu, kikapu mapajani, akikataa mtu asikiguse. Zamani alisafirisha chanjo vijijini ndani ya kisanduku cha barafu, na mkono ule haukumtoka. Ilikuwa haijuzu kuiweka kwenye buti, ilikuwa haijuzu kuifungua njiani. Alifika, akamchezea dada nyimbo, wakala bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, akarudi na magoti yamevimba. Na dada, kwa kumheshimu, hakuuliza tena habari za redio. Nesi alisema afadhali angeuliza.

Msimu wa kilimo ndio ulioleta msiba. Alikwenda Mazingara shambani kwao, kule ambako mtandao unapatikana ukipanda kichuguu, na akakaa mpaka palizi ikaisha. Alipotoka kule akapitiliza hadi Hale, akaketi na dada yake, akabonyeza. Simu ikamwambia aunganishe mtandao ili kuthibitisha kwamba nyimbo ni zake. Bando hakuwa nalo, na yeye kwa unesi wake akaelewa jambo moja tu: muda umeisha. Alirudi Handeni akiwa mpole kama mfiwa. Nilimkuta uani na miwani, anafuta nyimbo. "Dawa iliyoisha muda haikai kabatini, mtani." Nilimpokonya simu, nikamrushia bando kutoka kwenye simu yangu, nyimbo zikaamka zote. Alizitazama kwa mashaka siku kadhaa, akizionja moja moja kwa sauti ya chini kabla ya kuzicheza.

Ndipo asubuhi moja akaja dukani, ameshika simu, miwani puani. Alikuwa ameyasoma tena masharti.

"Mtani, wamekataza kunakili. Wamekataza kurusha, kuazima, kuuza, kubadilisha, na kupiga mbele ya hadhara. Nimetafuta neno kuimba. Halimo."

"Sijakuelewa."

"Hawajakataza kuimba. Koo langu sikulisajili kwao."

Nikamwambia hawakukataza kwa sababu hawajawahi kumsikia. Alicheka mpaka akashika mfuko wa mbolea asianguke, lakini hakuwa anatania. Siku ile ile tukaingia stoo ya duka, kwa kuwa mifuko ya mbolea inameza kelele za nje, nikaweka simu yangu juu ya mizani, nikabonyeza kurekodi. Akaanza.

Sijui nielezeje. Hakuimba maneno peke yake. Aliona kumpelekea dada maneno bila bendi ni kumpunja, kwa hiyo alileta bendi nzima. Magitaa aliyapiga kwa ulimi, tarumbeta akaipuliza kwa ngumi, ngoma akazipiga kwenye kifua na kwenye ndoo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mimi nilipewa gitaa la pili, ambalo ni kusema "ndingi ndingi" bila kuacha, na nilifokewa kila nilipochelewa. Sauti ile iliyozoea kumwita mwenye kadi ya pili aingie ilipanda, ikakwaruza, ikateremka, ikakosa noti, ikarudi kuitafuta. Nilikuwa na ruhusa ya mtani kusema ukweli na niliusema. Alijibu kwamba dada yake hajaomba sauti nzuri.

Kuna mahali katikati ya wimbo alinyamaza ghafla. Nilidhani amesahau. Akasema polepole, karibu na simu, "Dada, hapa ndipo kisigino cha kiatu chako kilipokatika, ukavua vyote viwili ukaendelea." Halafu akarudi kwenye tarumbeta. Kwenye wimbo mwingine akamkumbusha gauni walilokuwa wakivaa kwa zamu. Kwenye mwingine tena, mteja alichungulia mlangoni akauliza mbolea ya kupandia ipo, na sauti yake ikaingia. Nilitaka tuurudie ule wimbo. Nesi akakataa, akasema klabuni pia kulikuwa na wapita njia.

Nilizitia zile nyimbo kwenye memori kadi, safari hii nikafuta mirathi kwanza, na redio ikaziimba bila kuhema. Nesi akaniamuru nizifute kwenye simu yangu mbele ya macho yake. Nyimbo za mgonjwa mmoja, alisema, hazibaki kwenye mfuko wa mtu mwingine. Nikazifuta kwa shingo upande, maana nilishaanza kulipenda gitaa langu. Akaipeleka kadi Hale. Aliporudi nilimwuliza dada kasemaje. "Amecheka," akasema, akaingia ndani, na siku hiyo hakuchuma bamia wala hakunitukana.

Haukupita muda mrefu, wale wauzaji wakafunga biashara. Ujumbe ulikuja kwa adabu ile ile: mpendwa mteja, huduma yetu imefikia tamati, tunakushukuru. Nyimbo alizozinunua zikabaki majina tu. Alikuwa uani, sufuria juu ya kigoda, anabonyeza na kubonyeza. Mimi nilipandwa na hasira, nikatukana kampuni na ukoo wake, nikamwambia wameiba, wamekuibia mchana kweupe, wewe uliyewalinda. Hakutukana. Alisema kuna kifungu kilisema kwamba mtu hanunui wimbo, ananunua ruhusa, na ruhusa inaweza kuondolewa. "Nilikiona. Nilidhani wameandika ili kuogopesha wezi." Akaitoa simu kwenye sufuria, akaosha sufuria, akabandika wali. Jioni ile hakucheza, na kesho yake hakucheza. Nilimwonea huruma mpaka nikaanza kumpelekea bamia mlangoni mwenyewe, jambo lililomkasirisha kidogo, na hiyo ikawa nafuu.

Baadaye magoti yalizidi, akaenda Hale kupumzika kwa dada. Alisema atakaa siku chache tu.

Mwaka huu nilipata mzigo wa mbegu wa kupeleka upande ule, nikapitia kuwasalimia. Niliwakuta wamekaa barazani wawili, wanachambua kisamvu kwenye sinia moja, redio katikati yao. Dada mtu alijua ni mimi kwa shikamoo tu. "Huyu ndiye ndingi ndingi," akasema, na nikaona aibu mbele ya dereva wangu.

Nilikuwa nimekuja na fikra njema. Nesi alikuwa hana wimbo hata mmoja tena, na zile tulizorekodi zilikuwa zimebaki mahali pamoja duniani, ndani ya redio ile. Nikasema, "Mama, hebu nipe hiyo kadi mara moja. Nimtilie na huyu mtani wangu kwenye simu yake, akirudi Handeni awe nazo."

Nesi aliinua kichwa. Niliona anataka. Alikuwa amekwishaanza kupapasa simu kwenye mkoba.

Dada akaichukua redio, akaipakata. "Haitoki."

"Mama, haipungui. Naichukua, naitia, nairudisha. Humu zinabaki zote."

"Najua haipungui, mwanangu. Sijazeeka hivyo." Alikuwa anaelekeza uso wake kwangu, ila maneno hayakuwa yangu. "Akishakuwa nazo kwake, huku atafuata nini?"

Nilimtazama Nesi, nikisubiri ile sauti ya dirishani, au walau aseme kwanza tusome. Akaangalia mikono ya dada yake iliyoizingira redio, vidole gumba vyote viwili juu ya tundu la kadi. Kisha akauzungusha mkoba wake, akaufunga, akausukuma chini ya benchi.

Dada akabonyeza kitufe. Tarumbeta ya ngumi ikapasuka pale barazani, nikajisikia nyuma yake nikichelewa, na wale wakongwe wawili wakaendelea kuchambua majani huku wakigombana kama kiatu kilikatika kisigino cha kulia au cha kushoto.

Nilipoaga, Nesi alinisindikiza mpaka kwenye gari, akichechemea. Nilimwuliza nimwambie nini mwenye nyumba wake, maana alikuwa anauliza atarudi lini.

"Mtani," akasema, "ukipata mzigo mwingine wa huku, niletee godoro langu. La hapa linaniumiza mgongo."